Ushahidi Uko Kambani

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Usanifu Majengo na Usanifu wa Mandhari,
Chuo Kikuu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SHAHADA ZENU ZOTE MBILI, JOPO LENU, NA UPANDE WA KASKAZINI

Ndugu Mkuu wa Kitivo,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo, karibu na dirisha linalofunguka. Mimi naandikia juu ya ndoo iliyofunikwa, na dirisha langu linatazama ukuta. Sababu za ndoo utazikuta kwenye lalamiko la tatu.

Uniwie radhi sikukuita "Mheshimiwa." Si utovu wa adabu. Cheo hicho hapa nyumbani kimeshachukuliwa na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hachangii chochote, hupiga meza akitaka kusikilizwa, na akilia tu watu wazima wawili husimama. Mimi ndiye Mama Mheshimiwa. Mume wangu, Baba Mheshimiwa, ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tano wa Usanifu Majengo, yule mrefu aliyepinda kidogo kwa ajili ya meza zenu.

Mimi shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo ukikuta nukta imekaa pasipo pake, iondoe tu kama mtu anayechambua mchele. Lakini kusoma nasoma. Mwongozo wenu wa shahada, ule wenye picha ya jengo la vioo, nimeusoma wote wakati wa kunyonyesha, mpaka anwani za nyuma.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita jopo la walimu watatu lilikaa mbele ya kazi ya mwisho ya mume wangu, likaikataa. Kazi yake ni nyumba za ghorofa za kupangisha, zimezunguka ua mmoja, na katikati ya ua kuna kamba za kuanikia nguo. Ua huo ndio moyo wa kazi nzima. Mwalimu mwenye miwani akainama juu ya modeli, akasema, "Kijana, ua huu jua utaliona kwenye picha tu." Wa pili akasema inaonekana kijana hapendi majengo, anapenda nje, basi ahamie Usanifu wa Mandhari. Wa tatu alikuwa amesinzia. Huyo sina neno naye. Nadhani ana mtoto mdogo.

Sasa mume wangu amepewa mpaka Ijumaa achague: arudie studio mwaka mzima, ahamie Mandhari, au aondoke. Naye anaelekea hilo la kuondoka. Mjomba wake ana duka la vifaa vya ujenzi, na amekwisha kumwambia, "Mjomba, njoo uuze saruji. Anayejenga haulizi shahada, anauliza mifuko imebaki mingapi." Tangu hapo mume wangu hajagusa penseli. Anayezigusa ni Mheshimiwa, anazitafuna, na baba yake anamwangalia tu. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Kuuza saruji si dhambi, Ndugu Mkuu. Ila mtu niliyempenda mimi ni yule aliyekuwa akitembea nami barabarani akinionyesha madirisha ya watu. Alikuwa akisema, "Lile limewekwa na mtu aliyewahi kukaa mle ndani. Lile limewekwa na mtu aliyepita tu." Nilikuwa napata kizunguzungu kwa kutazama juu, na nilikuwa na furaha. Tangu siku ya jopo anatembea akitazama viatu vyake. Mtu yule ndiye ninayemdai chuo.

Kabla ya malalamiko naweka ushahidi mezani, au tuseme kambani. Sisi tumepanga vyumba viwili vya chini katika nyumba ya ghorofa. Nyuma kuna ua mwembamba, umebanwa na nyumba yetu upande huu na ukuta wa jirani upande ule, na paa la huko juu limetoka nje kama ulimi. Ua huo ndio mume wangu alioupima akautia kwenye mchoro wake. Siku zote nepi naanika mbele, kwenye uzio wa mwenye nyumba, naye kila akipita huniuliza, "Mama Mheshimiwa, bendera hizi ni za nchi gani?" Siku aliyotoka kwenye jopo, mume wangu alifunga kamba kwenye ule ua wa nyuma, kwa hasira, fundo juu ya fundo, akasema, "Tutaona!" Kisha akaingia ndani akalala. Hatukuona.

Basi leo nimeamua nione mimi. Mume wangu amekwenda dukani kwa mjomba kujaribu kazi. Alipotoka tu, nikafua nepi zote za Mheshimiwa, sikubakiza hata moja, nikazianika kwenye kamba ile. Nikimaliza kuandika zitakuwa zimekauka, nami nitaambatanisha moja humu ndani ya bahasha kama kielelezo. Imefuliwa vizuri, usiogope.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mgawanyo wa shahada. Mwongozo unasema Usanifu Majengo ni miaka mitano, Usanifu wa Mandhari ni miaka minne. Nimefuatilia kwa makini. Yule wa majengo anaishia mlangoni. Yule wa mandhari anaanzia kwenye majani. Mimi na beseni langu tuko katikati, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mtoto kiunoni, na hakuna mtu aliyesomea mahali tuliposimama. Mmeikata dunia vipande viwili kama kitambaa, na mshono mmeupitisha juu yangu. Naomba ianzishwe shahada ya tatu, Shahada ya Kizingiti na Uani. Mwaka mmoja usomwe ndani, mmoja nje. Mtihani wa mwisho uwe kubeba beseni lililojaa kutoka bombani hadi kambani bila kugonga kiwiko. Atakayegonga, na abomoe.

2. Sifa za kujiunga. Kwa Majengo mnataka hisabati, fizikia na mkono wa kuchora. Kwa Mandhari mnataka biolojia na jiografia. Kufua hamtaki. Kupika na mtoto mgongoni hamtaki. Mtu anaweza kupita milango yenu yote akatoka na joho, akaenda kuchora jiko ambalo ukifungua kabati linakupiga kwenye paji la uso, na wala hajui, kwa sababu alipokuwa anachora jiko lenyewe mama yake alikuwa anamletea chakula. Naomba kila mwombaji alete cheti cha kuishi na mtoto mchanga chumba kimoja, msimu mzima wa mvua. Asiye na mtoto aazimwe. Mimi niko tayari kumtoa Mheshimiwa kwa ajili ya maendeleo ya elimu, Jumatatu hadi Ijumaa, na sitauliza amekula nini.

3. Modeli. Meza yetu ni moja. Tangu muhula uanze inakaliwa na modeli, sisi tunakula sakafuni, na barua kama hizi tunaziandikia juu ya ndoo. Mle ndani ya modeli watu wa karatasi wana sebule, wana baraza, wana ngazi ya kupandia na nyingine ya kushukia. Nao wamesimama tu, mikono mifukoni. Hawana ndoo, hawana mtoto, hakuna hata mmoja aliyeinama. Nilimuuliza mume wangu hawa wanaishi wapi, maana watu wa namna hiyo sijapata kuwaona. Akasema wamewekwa kuonyesha kipimo. Nikamwambia basi kipimo hicho si chetu. Akacheka, akakata mwanamke mmoja kwenye kasha la kiberiti, akamfunga mtoto mgongoni kwa uzi, akamsimamisha uani. Kwenye jopo, yule mwenye miwani akauliza, "Na huyu mwenye kibiongo ni nani?"

Ni mimi, Ndugu Mkuu. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Na jambo jingine. Neno la kwanza la binti yetu halikuwa "mama" wala "baba." Lilikuwa "Usiguse!" Anamwambia paka. Analiambia bakuli la uji. Juzi mkwe wangu alipoinama kumbusu, akaambiwa naye. Huo ndio mchango wa kitivo chako katika malezi ya mtoto wetu.

4. Miti ya Mandhari. Kwa kuwa mume wangu ameshauriwa ahamie huko, nilikuja siku ya maonyesho yenu kupachungulia. Kila mchoro una miti, na kila mti umeshakua. Una kivuli tayari, chini ya kivuli kuna benchi, na kwenye benchi kuna mtu anasoma gazeti. Sisi tulipanda mche mbele ya nyumba mwezi aliozaliwa Mheshimiwa. Leo Mheshimiwa anaweza kuukalia. Kama mnalijua duka linalouza miti iliyokwisha kukua pamoja na msomaji wake, tuelekezeni, tutakuja na mkokoteni. Kama hamlijui, naomba mwanafunzi wa Mandhari asipewe shahada mpaka mti wake umfike begani. Itachukua zaidi ya miaka minne, lakini kuchelewesha watu hamjaanza leo.

Halafu mume wangu biolojia yenyewe hana. Biolojia yake yote ni Mheshimiwa.

(Hapa nimesita kidogo. Nilikwenda uani kumtoa Mheshimiwa kwenye kona ya pipa la maji. Kila siku mchana ukikaribia huburuta poti lake mpaka kona ileile, akakaa, na ukimtoa hulia kama mtu aliyetolewa bungeni. Namtoa kwa sababu akikaa pale hutoka jasho mpaka shingoni. Ni ukaidi, ameurithi upande wa baba yake. Nepi nimeziona, zimening'inia kwa heshima. Sikuzigusa, nisije nikaambiwa nimeharibu ushahidi.)

5. Jopo. Naomba walimu wote watatu warudishe shahada zao kwa muda, ziwekwe kwenye kabati lako, mpaka kila mmoja atakapofua nepi moja kwa mkono wake na kuileta ikiwa kavu. Najua wana majukumu. Hata mimi ninayo. Tena badala ya mwanafunzi kusimama mbele ya jopo, safari hii jopo lije lisimame hapa uani mbele ya nepi. Viti ninavyo viwili, wa tatu atakalia ndoo nikishamaliza kuandika. Yule aliyesinzia nitampa mkeka.

6. Kaskazini. Hili ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa umetulia. Mume wangu aliniambia kwamba hoja yote ya mwalimu mwenye miwani imetegemea mshale wa kaskazini. Nikautafuta kwenye mchoro. Nikaukuta pembeni, kishale kidogo kama cha kumwelekeza mtu msalani. Nikamuuliza, "Nani kauchora?" Akasema, "Mimi." Sasa hebu tuelewane, Ndugu Mkuu. Kishale alichokichora mwanafunzi mwenyewe, kwa penseli yake mwenyewe, kinawezaje kugeuka na kumfelisha? Kama kaskazini ya upande ule inaleta kivuli, si ifutwe, ichorwe upande mwingine? Chuo chenu kimehamisha ratiba ya mitihani, kimehamisha lango kuu, kimehamisha hata maktaba watu wakiwa ndani wanasoma. Mtashindwa na mshale? Na kama kweli imeshindikana, basi jua lenyewe liandikiwe barua ya onyo kwa kuchagua nyumba za kuingia, nakala niletewe mimi.

7. Kwa hayo yote naomba mume wangu apewe shahada yake mwaka huu, bila kurudia na bila kuhamia. Mama mkwe ameshashona gauni la mahafali, la njano, lenye mabega ambayo hayapiti kwenye mlango wetu. Mlango huo nao kuna mtu alipewa shahada akauchora. Gauni limetundikwa ukutani kwake, na kila jirani anayeingia analisalimia. Nani atakwenda kumwambia kwamba atalivaa dukani kwa mjomba, katikati ya mifuko ya saruji? Si mimi. Na kwa kuwa ua ule ulitokana na nepi za kwangu, naomba pia kipande cha shahada hiyo kiwe changu. Sina makuu. Nipeni nusu ya chini, yenye muhuri.

Nakusalimia wewe na wote wa nyumbani kwako. Nisalimie katibu wako, ambaye ndiye atakayeisoma barua hii kwanza. Dada yangu, usimkatie hamu, mwachie mwenyewe afike lalamiko la sita. Nisalimie mlinzi wa langoni aliyembeba Mheshimiwa siku ya maonyesho akaambiwa "Usiguse!" na bado akambeba. Nisalimie mwalimu aliyesinzia. Yule mwenye miwani simsalimu kwa maneno. Nepi itamsalimu.

Ndimi ninayesubiri jibu kwa heshima zote na kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto,

Mama Mheshimiwa
(mke wa mwanafunzi wako, na yule mwenye kibiongo)

Kiambatanisho: nepi moja, kavu.

N.B. Ndugu Mkuu, tafadhali usisome neno lolote hapo juu mpaka umalize hapa.

Nimetoka kuchukua kielelezo. Nepi ni mbichi. Sisemi zina unyevu, sisemi bado kidogo. Nimekamua moja ikanimwagia maji mguuni kama vile ndiyo kwanza inatoka kwenye beseni. Nilisimama nikatazama juu. Jua lipo, tena kali, linapita juu ya paa na juu ya ukuta wa jirani kama mgeni aliyepewa namba ya nyumba nyingine. Kwenye kamba halikanyagi.

Nepi kavu ndani ya nyumba hakuna, nilizifua zote. Kwa hiyo sasa hivi Mheshimiwa amefungwa fulana ya chuo chenu. Nembo imekaa mahali ambapo sitapataja.

Nilikuwa bado nimeishika ile nepi mume wangu aliporudi kula, viatu vimejaa vumbi la saruji. Sikumweleza kitu. Nikamwambia, "Shika." Akashika. Akaikamua, akaigeuza huku na huku mpaka nikajuta, nikasema moyoni, haya, mama, umemmalizia mtu. Mara akaanza kucheka, kile kicheko cha tumboni ambacho sijakisikia tangu wiki iliyopita. Akasema, "Yule mzee wa miwani alikuwa na haki. Mke wangu, nimechora kisima, nikakiita ua." Nikamwambia, "Na mimi nimemwandikia Mkuu wako kurasa nzima." Akaziomba, akasoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye kaskazini ilibidi akae chini.

Kisha akauliza, "Na huyu kwa nini anatoka jasho?"

Mheshimiwa alikuwa amerudi kwenye kona yake ya pipa. Tukatazama wote. Pale, kati ya ncha ya paa na mwisho wa ukuta, jua lilikuwa linashuka moja kwa moja mpaka chini, kipande kama cha mkeka mdogo, na yeye amekaa katikati yake juu ya poti, amefumba macho. Kumbe si ukaidi. Au ni ukaidi, lakini una sababu.

Mume wangu akaanika nepi moja juu ya pipa, akaingia ndani akatoka na chaki. Hajakula mpaka sasa. Kila jua likisogea anasogea nalo, anachora mstari kwenye sakafu ya ua, anaandika saa. Katikati ya kazi akanyanyua kichwa, akatazama dirisha la ghorofani kwa jirani, akasema bila kuniangalia, "Lile limewekwa na mtu aliyepita tu." Nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Ijumaa atakuja kusaini kurudia studio. Mjomba ameshaambiwa. Mama mkwe ataambiwa na mwanawe mwenyewe, na gauni litasubiri. Lile halioti kutu. Kwa hiyo lalamiko la tano na la sita nayafuta. La saba nalifuta, isipokuwa muhuri tutauzungumza mwakani. La tatu nalibakiza kama lilivyo, maana bado nimeandikia juu ya ndoo. Nepi niliyoambatanisha ni kavu kweli, ni ile ya juu ya pipa. Naomba apewe mwalimu mwenye miwani, na aambiwe zile nyingine zote zimekubaliana naye.

Jambo la mwisho. Mume wangu alipofika kwenye kona na chaki yake, Mheshimiwa alikataa kuhama, akamwambia, "Usiguse!" Basi ikabidi apitishe mstari kumzunguka. Mwakani mkiona kwenye mchoro wake kiduara kidogo upande wa jua, hakina kipimo wala maelezo, msimuulize ni nini. Ni yeye.